Ruhusa ya Kuumwa

Hotuba ya mshauri wa wanafunzi kwa walimu, wafanyakazi, wenye nyumba, wapishi na madereva wanaokizunguka chuo. Pemba, Alkhamisi, Mei 28, 2020.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Idi mubaraka, japo leo ni mfunguo mosi tano na majumbani hata makombo ya sikukuu hayapo tena.

Mtaniwia radhi kwa kukukalisheni nje. Mzee mmoja ameniuliza pale getini, "Mwalimu, ukumbi mnao, feni mnazo, mbona mnatuweka chini ya miembe kama watoto wa chuoni kwa maalim?" Nikamwambia, mzee wangu, miembe haina kuta. Mvua ikija tutakimbilia barazani. Mpaka ije, tukae hapa, kiti na kiti hatua mbili, na asiyenisikia anyooshe mkono nitapaza sauti.

Zimebaki siku nne. Jumatatu, Juni 1, wanafunzi wanarudi. Waliondoka hapa Machi, wiki ile ile alipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona wa nchi hii kule Arusha. Walifunga mabegi usiku kucha. Wengine wameacha magodoro, wameacha sufuria na majiko ya mafuta, kuna kijana kaacha hadi kuku wake wawili kwa mlinzi, na mlinzi yupo hapa, atanieleza mwenyewe kuku wamefikia wapi. Walidhani wanakwenda kwao mwezi mmoja. Imepita miwili na ushei.

Rais Magufuli alipotangaza wiki iliyopita kwamba vyuo vifunguliwe, simu yangu haikupoa. Wazazi wa Micheweni, wa Makunduchi, wa Tanga, wa Mwanza, wote swali lao moja: mwanangu atasalimika? Sikumjibu hata mmoja kwamba ndiyo, atasalimika. Nimewajibu kwamba tutaonana na watu wanaoishi naye, nizungumze nao, kisha nitawapigia. Watu wenyewe ndio nyinyi.

Niyataje haraka tuliyoyafanya ndani ya uzio, maana hayo mnayaona kwa macho. Ndoo zenye bomba na sabuni ziko kila mlango wa darasa na mlango wa maktaba. Madarasa makubwa yamegawanywa mafungu mawili, asubuhi na mchana. Madawati yametengwa. Mkutubi amepunguza viti. Maalim wetu wa kemia atachanganya jiki ya kufutia vitasa na meza, na amenisisitiza niliseme hili: jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inatosha kwa kufutia. Hiyo si ya kunawia wala si ya kunywa, na isichanganywe na dawa ile kali ya kusafishia choo, hutoa moshi unaoumiza mapafu. Basi. Hayo yamekwisha.

Sasa tufanye hesabu. Mwanafunzi anakaa darasani saa nne, tano kwa siku. Saa nyingine zote yuko wapi?

Mchukueni kijana mmoja wa Unguja. Jumamosi atapanda boti Malindi, akae ndani na watu mia kadhaa, kwa sababu juu kuna upepo wa kusi na mawimbi yanarusha maji. Atateremka Mkoani, atapanda gari ya Chake amebanwa mtu kulia, mtu kushoto na kapu la samaki miguuni. Atafika hapa jioni. Wenzake watatu wa chumba wamemngoja, wamepika wali na mchuzi wa pweza, wamepakua kwenye sinia moja. Hajawaona tokea Machi. Atanyoosha mkono? Atakula pembeni peke yake kwenye kisahani kama paka? Atakula nao, na mimi ningekuwa yeye ningekula nao. Usiku watalala wanne kwenye chumba cha hatua nne kwa tatu, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu na baridi.

Hapo ndipo chuo kilipo. Chuo chetu kiko kwenye sinia na kwenye gari ya Chake kuliko kilivyo ubaoni. Na hapo mamlaka ya mkuu wa chuo hayafiki. Ya mwenye nyumba yanafika, ya mpishi yanafika, ya utingo yanafika.

Nieleze kidogo maradhi yenyewe yanavyotembea, kwa sababu nimesikia mengi kwenye WhatsApp mwezi wa Ramadhani ambayo yalinifanya nizime simu. Virusi hivi vinatoka mdomoni na puani, kwa mate, kwa chafya, kwa kikohozi, hata kwa mtu anayezungumza kwa sauti kama mimi sasa. Vinataka vitu vitatu: watu, chumba kilichofungwa, na muda. Katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, kule Marekani, waimbaji 61 wa kwaya walikutana Jumanne, Machi 10 mwaka huu, wakafanya mazoezi saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua, tokea siku tatu nyuma. Taarifa ya uchunguzi imetolewa mwezi huu huu: waliougua ni 53, wakiwamo 33 waliothibitishwa kwa kipimo. Wawili wakafariki dunia.

Simtaji mtu yule kwa lawama. Ana mafua, kwaya inamngoja, kila Jumanne yumo. Nani hapa amewahi kukosa maulidi kwa sababu ya mafua? Nani amekosa hitma ya jirani? Mtu wa kwetu akikosa hitma kwa mafua atasimangwa mpaka hitma yake mwenyewe.

Nami nina deni langu katika jambo hili, acheni nilitoe.

Nilipokuwa mwanafunzi, dakhalia, yalizuka macho mekundu. Mnayajua, yanawasha, yanatoa tongo, asubuhi kope zimegandana. Nilikuwa wa kwanza chumbani petu. Wiki ile ilikuwa ya mitihani, na sheria ya chuo kile ilikuwa nyepesi kuieleza: usipotokea, umefeli, utarudia mwaka. Mimi mtoto wa mkulima wa karafuu, baba kauza msimu mzima kunilipia, nikarudie mwaka kwa macho? Nikaazima miwani ya jua. Nikaivaa usiku na mchana, nikasema ni mtindo. Kanga ya kujifutia tulikuwa tunachangia, kama mnavyowajua wasichana. Siku ya nne chumba kizima cha watu wanane kilikuwa na macho mekundu, siku ya saba dakhalia nzima, na mwenzetu mmoja aliyekuwa na jicho bovu tokea utotoni alilazwa. Aliona tena, alhamdulillahi. Lakini mtihani aliukosa yeye. Mimi niliufanya, nikapasi.

Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeisikia methali hii mara nyingi miezi hii, redioni na misikitini. Ni ya kweli, lakini inamkamia mfichaji peke yake. Haimuulizi anamficha nani, na kwa nini. Mimi sikuficha macho kwa sababu ya ujinga. Nilifanya hesabu nikaona kusema ni ghali kuliko kunyamaza.

Kwa hiyo jambo ninalokuombeni leo ni moja. Ndoo zitajazwa, barakoa zitashonwa. Lakini mwanafunzi akiamka na homa, kusema "naumwa" kuwe ndiyo kitu rahisi kuliko vyote anavyoweza kufanya asubuhi ile. Kusimgharimu mtihani, kusimgharimu chumba, kusimgharimu jina.

Nianze na mtihani, kwa sababu huo uko kwetu. Mkuu wa taaluma amekubali, na nimemwomba asimame mumwone sura ili kesho asije akakana. Ahsante, kaa. Mwanafunzi atakayesema anaumwa siku ya mtihani atapangiwa mwingine, na siku tatu za mwanzo haulizwi cheti cha daktari. Simu kwa mlezi wa dakhalia inatosha. Mahudhurio hayatakatwa alama muhula huu wote.

Nawaona walimu wenzangu wanatazamana. Wataongopa, ndivyo mnavyosema moyoni. Ndiyo, wataongopa! Vijana nimekaa nao miaka mingi, nimezika bibi kumi na wawili wa kijana mmoja. Basi tupige hesabu tena. Kumi wakiongopa, mwalimu ametunga karatasi moja ya ziada. Mmoja akisema kweli akabaki kitandani, hakuingia kwenye chumba cha watu arubaini kwa saa tatu. Mimi niko radhi kudanganywa kwa bei hiyo. Na walimu ambao wana sukari, wana presha, wamepita miaka sitini, hesabu hii inawahusu wao kabla ya kijana yeyote. Mwanafunzi wa miaka ishirini pengine ataumwa wiki moja ainuke. Mwalimu wake mwenye sukari pengine asiinuke.

Wenye nyumba. Nakushukuruni kwa kuja, na nitasema jambo ambalo halitapendeza. Kuna mwanafunzi wetu alibaki hapa Aprili, kwao mbali na nauli hana. Usiku mmoja akakohoa. Alfajiri begi lake lilikuwa nje ya mlango, na mkeka juu yake. Ilikuwa pumu. Anayo tokea mtoto, na kidawa cha kuvuta kilikuwa ndani ya begi hilo hilo. Sitaji nyumba, na aliyefanya vile alikuwa na wajukuu wadogo ndani na khofu ilimshinda. Naielewa khofu. Lakini watoto wengine wote wanaopanga mtaa ule wameliona begi. Mnadhani atakohoa nani tena mbele ya mwenye nyumba? Watakohoa kwenye mto.

Tuahidiane hivi. Mpangaji akiumwa, hafukuzwi. Mnatupigia, tunamfuata na gari ya chuo, kodi ya siku atakazokuwa kwetu tutazungumza na nyinyi, chumba chake kinabaki chake. Na vitanda viwe viwili kwa chumba pale inapowezekana. Najua wanne ndio wanaolipa zaidi. Hapo sikulazimishi, nakuomba tu.

Tunampeleka wapi? Mwisho wa dakhalia ya zamani, upande wa mikorosho, kuna vyumba vinne vyenye milango yao na choo chao. Tumevipaka chokaa. Kamati ilitaka kibao kiandikwe "Karantini". Nimekataa, na nitaeleza kwa nini, mnisamehe kwa historia. Pale Unguja, mbele ya Mji Mkongwe, kuna Kisiwa cha Changuu. Watalii wanakwenda kutazama makobe na wanakiita kisiwa cha jela. Jengo lile lilijengwa miaka ya 1890 liwe jela, halikufungwa mtu, likageuzwa pahala pa kuwatenga abiria wa meli waliodhaniwa wana maradhi. Kwa hiyo kwetu sisi, neno hilo na jela vimelala kitanda kimoja zaidi ya miaka mia. Kijana hataingia kwa khiari chumba kilichoandikwa hivyo. Tumeandika "Mapumziko". Kuna mtu amecheka, acha acheke.

Atakaa humo siku kumi na nne. Atapelekewa uji wa pilipili manga asubuhi na chakula mara mbili, mlangoni. Atapewa vocha ya simu. Hili la vocha mhasibu alilikata, nikalirejesha. Mtu aliyefungiwa peke yake bila ya kuzungumza na mama yake atatoroka siku ya tatu, na akitoroka ataenda kulala kwa rafiki. Akishindwa kupumua vizuri hakai pale hata saa moja, anapelekwa hospitali.

Na kwa wanaoona kutenganisha mgonjwa ni kukosa tawakkal: Mtume, rehma na amani zimshukie, amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Hapa Pemba hatuna ngamia, lakini wafugaji wa ng'ombe mpo, mwajua wenyewe ng'ombe mwenye kidonda mnamfunga wapi. Mbona humtukani? Unamfunga pembeni, unamkatia majani mazuri kuliko wenzake.

Bi wa mkahawani, na wenzako wa urojo na mama wa chapati. Nyinyi mnawaona wanafunzi hawa kuliko mimi. Naomba kata ile ya mtungi na kikombe chake kimoja viondoke, najua maji ya mtungi ni matamu. Vikombe vioshwe kwa maji moto na sabuni. Sabuni hainuki tu vizuri. Kirusi hiki kimevaa ngozi ya mafuta, na sabuni inakifanya kama inavyoifanya samli kwenye sufuria, inaivunja. Lakini haivunji ukiigusa ukaondoka, hesabu sekunde ishirini ukisugua. Zamani kwenye harusi zetu mtu alipita na birika na beseni, anamimina, wewe unanawa taratibu huku unaamkiana na jirani. Turudishe birika.

Madereva, nyie niwaambie nini, nyie mnafanya biashara na kituo kina watu. Fungueni madirisha na lile pazia la plastiki lifungwe juu, hata kukiwa na kijibaridi. Abiria akilalamika mwambieni mwalimu kasema.

Barakoa. Neno hili halikuja na maradhi, bibi zetu wa mjini walikuwa nazo, zimetariziwa, na walizivaa kwa madaha. Mafundi cherehani wawili wa hapa mtaani watashona za kitambaa, mbili kwa kila mwanafunzi, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe. Ifunike pua. Ikikaa kidevuni ni pambo.

Nimeulizwa kuhusu kujifukiza. Mwarobaini na mchaichai ukikupa raha ya pua, jifukize, hata mimi mama yangu alinifukiza. Ila ukitoka kwenye blangeti lile usiseme umepona ukaja darasani. Ukiwa na sababu ya kujifukiza, una sababu ya kubaki nyumbani.

Viongozi wa wanafunzi, wanangu, mmekuja watatu tu lakini kazi yenu ndiyo kubwa. Mtu akienda Mapumziko, jina lake lisiingie kwenye kundi la WhatsApp. Na akirudi, msimpishe kwenye benchi. Nimesikia kijana mmoja mjini ameshapewa jina, anaitwa "Korona" mpaka leo, naye alikuwa na malaria. Jina la utani Zanzibar halifi, mnajua. Linaandikwa kaburini.

Mimi nitajitangulia. Nikiamka na mafua wiki ijayo, ofisi yangu itafungwa na mlangoni patakuwa na karatasi: mshauri anaumwa, yuko nyumbani, mpigieni. Nimeshaiandika. Nataka wanafunzi waione kabla ya wao kuhitaji kuandika yao.

Nimemaliza, na wingu la Mkoani limeshakuwa jeusi. Kabla hatujatawanyika, nina kazi ya nusu saa. Mnakumbuka wizi wa mwaka juzi dakhalia? Baada ya hapo tulipigilia misumari madirisha ya vyumba vyote vya chini, na mimi ndiye niliyetoa amri. Jana nimepita, hakuna hata moja linalofunguka. Fundi amekuja na koleo na nondo za kuweka badala ya mbao, lakini yuko peke yake na madirisha ni ishirini na sita. Mwenye nyundo nyumbani akaichukue. Wengine tufuatane, tuanzie chumba cha mwisho kuja huku, na tupeane nafasi njiani.